Mgongo wa alfajiri mzima, wa mchana mgonjwa

Assalaamu alaykum mshauri wetu.

Naomba usinitaje jina wala kijiji. Yatosha niseme niko Pemba, upande wa kaskazini, nina miaka 46, mume, watoto watano, na shamba la mwani nililolilima tangu mtoto wangu wa pili yuko mgongoni.

Maumivu ya kiuno yalianza miaka mitatu nyuma. Siku hiyo bamvua kubwa, zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, maji yametoka mbali, nimeinama nafunga mwani tangu asubuhi. Nilipotaka kuinuka sikuinuka. Nikabaki nimekunjika vile vile, wenzangu wakadhani nafanya mzaha. Walinishika mikono mpaka ufukweni. Tangu hapo kiuno hakijawa changu. Kuna siku njema, na kuna siku hata kuinama kuwasha jiko nashindwa.

Mume wangu hakukaa kitako. Alinipeleka hospitali, nikapigwa picha, daktari akaiinua kwenye mwanga mara moja akasema, "Pingili zimesagika." Neno hilo sijalisahau. Nikijigeuza kitandani nahisi kama mchanga unasagwa ndani. Akaniandikia vidonge, akaniambia nipunguze kazi nzito. Nikipunguza kazi nzito nitakula nini, hilo hakuniambia. Mume wangu alipokwenda mjini baada ya hapo alirudi na mkanda wa kufunga kiuno, ule mpana wenye vyuma. Bei hakunitajia mpaka leo.

Mwaka jana nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo. Yeye hakuanza na picha. Alinilaza, akanigeuza, akaniuliza naamka saa ngapi, maji nachota wapi, nakaa vipi nikisuka ukili. Akanichorea mazoezi sita kwenye karatasi: kulala chali magoti juu na kuvuta goti moja moja kifuani, kuubana mgongo kwenye mkeka, kunyanyua nyonga, kupiga magoti na kuweka mikono chini kisha kuupandisha mgongo na kuushusha kama paka, kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, na la sita kutembea. Kidogo kidogo, alisema, lakini kila siku. Karatasi hiyo naiweka chini ya godoro, imeshaanza kulainika.

Huku kwetu kuna kinamama wanaotembea baada ya sala ya alfajiri, mpaka skuli na kurudi, kisha wanaruka ruka uwanjani. Siku ya kwanza niliruka nao kwa aibu tu ya kusimama kando. Nikalala siku tatu. Sasa natembea nao, wakianza kuruka nageuka nyumbani. Ni mwezi wa tano. Wallahi nimepata nafuu. Nilikuwa siwezi kukaa mpaka chai iishe kikombeni, sasa nakaa. Nabeba nusu ndoo. Vidonge vya maumivu nilivyokuwa nikimeza kila siku, wiki inapita sijavigusa.

Shida ni watu.

Mwezi uliopita mtoto wa wifi yangu aliolewa. Usiku wa kuamkia harusi tukaitwa kwenye mapishi. Nikakuna nazi nne, kiuno kikakaza, nikaomba ruhusa nikajinyooshe. Wifi yangu akasema mbele ya kila mtu: "Mgongo wa alfajiri mzima, wa mchana mgonjwa." Watu wakacheka. Mmoja akadakia kwamba maneno hayo yanafaa kupigwa chapa kwenye kanga. Nilicheka na mimi, mshauri, kisha nikaenda kulia chooni.

Basi ili kukata maneno nikarudi mwani kikamilifu, bamvua mbili mfululizo, nikabeba magunia mabichi kama zamani. Ya pili nilirudishwa kwa gari ya ng'ombe. Hii ni wiki ya pili naamka kwa kushika ukuta.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, na ni mtu mwema sana kwangu, anasema mgongo ni kama chungu kilichoingia ufa, hakitikiswi. Anasema sala tano ni mazoezi tosha. Mume wangu siku ya harusi alikuwa nje na wanaume, lakini maneno yalimfikia. Usiku aliniambia: "Acha matembezi kwa sasa. Ukipona utatembea." Akageukia ukuta.

Nina sukari pia, mwaka wa sita, natumia vidonge, na kliniki ya sukari nao wananihimiza nitembee.

Nifanyeje? Nikiacha mazoezi nitarudi nilikotoka. Nikiendelea, kila nitakapokataa kazi nitaonekana mwongo. Nimefikiri niache kutembea, yale mengine niyafanye kwa siri chumbani. Na kuna jambo naona haya hata kuliandika: mara nyengine nikimaliza mazoezi naumwa kidogo, na najiuliza, huenda wao ndio wakweli, na mimi ndiye ninayejisaga pingili kwa mikono yangu.

Mgongo wa Alfajiri, Pemba


Wa alaykum salaam, mdogo wangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama dirishani, maana kiuno changu cha miaka 61 nacho kina masharti yake na kiti. Kwa hiyo usinihesabu kuwa msikilizaji asiye na upande. Wala mimi si daktari. Yale ya kitabibu nitakayoyasema yapeleke kwa yule kijana wako wa fiziotherapia ayatazame pamoja na mwili wako.

Kwanza lililo la haraka. Unaamka kwa kushika ukuta wiki ya pili sasa. Kama katika siku hizi haja imekutoka bila kujijua, au mkojo umegoma kutoka, au sehemu za siri na mapaja kwa ndani zimekufa ganzi, au mguu mmoja unauburura, basi weka barua hii chini uende hospitali leo hii. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, jasho jingi la usiku, kukonda bila sababu, kikohozi kisichokwisha, hayo nayo yasingojwe. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na mwenye sukari hushikwa nacho kwa wepesi zaidi. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, shusha pumzi. Kiuno kilichokaza baada ya magunia mabichi ya bamvua mbili mara nyingi ni kiuno kilichotwishwa mzigo ambao bado hakijajiandaa kuubeba, na hurudi.

Sasa nikwambie nilivyokuelewa. Unaumwa kweli, umepata kitu kinachokusaidia, na kitu chenyewe kimegeuka kuwa ushahidi dhidi yako. Ungebaki kitandani miezi mitano, wifi yako angekuletea uji. Umeinuka, umekuwa mwongo. Na ili kuwathibitishia watu kwamba si mwongo, ulifanya jambo lililokuumiza kuliko yote, ukabeba magunia.

Nianze na lile uliloliona haya, kwa sababu nadhani limekaa chini ya mengine yote.

Daktari alisema pingili zimesagika, na tangu siku hiyo umeishi na kinu cha kusagia ndani ya kiuno. Ubaya wa neno hilo ni kwamba linakufanya udhani kila mwendo unapunguza kitu, kama unga unavyotoka kwenye jiwe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za ndani ya mwili, zile za mashine za CT na MRI, za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 40, diski, yaani ile gegedu laini iliyopo baina ya pingili na pingili, ilikwishaanza kuchakaa kwa watu 68 katika kila 100. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa 80. Hao walikuwa wanatembea, wanabeba watoto, hawajui habari. Uchakavu wa namna hii uko karibu zaidi na mvi kuliko na jeraha. Sisemi picha yako haina maana, wala sisemi maumivu yako ni ya kuyawaza. Nasema picha na maumivu ni mambo mawili, na daktari yule aliyefunga yote mawili kwa neno moja huenda alikuwa na foleni ndefu mlangoni.

Je, kuumwa kidogo baada ya mazoezi ni kujisaga? Wataalamu wa viungo huwapa wagonjwa wao kipimo chepesi. Kabla ya kuanza jiulize, kuanzia sifuri mpaka kumi, naumwa kiasi gani. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi, kisha kesho yake asubuhi ukaamka ulivyokuwa, mwili unazoea. Yakipanda sana, au yakabaki juu mpaka siku ya pili, umezidisha: kesho fanya nusu. Yakianza kuteremka mguuni kupita goti na hayakuwa na tabia hiyo, rudi kwa kijana wako kabla hujaendelea. Sasa uitazame miezi yako mitano kwa kipimo hicho. Ulikuwa hukai mpaka chai iishe, ukakaa. Ulikuwa humalizi siku bila kidonge, ukamaliza wiki. Kiuno kinachosagika hakiendi upande huo.

Nikaribie kwenye nazi zile nne, maana hapo ndipo wifi yako alipokosea hesabu, na naona na wewe ulikosea pamoja naye.

Kukuna nazi ni kukaa chini juu ya mbuzi, magoti yako usawa wa kifua, kiuno kimepinda kwa nyuma, bega moja linasukuma na kurudi, na macho hayatoki kwenye meno ya mbuzi usije ukajikata. Hukai hivyo dakika tano. Unakaa mpaka nazi ziishe, na nani anaamua zitaisha lini? Sufuria. Kwenye mwani anayeamua ni maji; yakianza kujaa hujali kiuno, unataka kumaliza kamba. Alfajiri unapotembea, umesimama wima, mikono haina kitu, na anayeamua ni wewe. Wenzako wanapoanza kuruka, wewe unageuka nyumbani. Hilo la kugeuka, mdogo wangu, ndilo zoezi la saba ambalo halimo kwenye karatasi, na umelifanya vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Usiku wa harusi ulijaribu kugeuka vile vile, ukachekwa, ndiyo ukaingia baharini kwenda kulipa deni la kicheko.

Kwa hiyo mgongo wa alfajiri na wa mchana ni mgongo mmoja. Kinachobadilika ni mzigo, na nani ameushika mwisho wa kamba.

Lakini wifi yako angeyajuaje haya? Naomba unistahamilie hapa. Anachokiona yeye ni wewe alfajiri, raba miguuni, unacheka na wenzio njiani. Hajakuona ukishika ukuta. Hajaiona karatasi, kwa sababu iko chini ya godoro. Hata siku uliyotoka kulia ulihakikisha kwanza umecheka. Umeyaficha maumivu kwa ustadi mkubwa, kisha unaumia kwamba hawayaoni. Tena watu wetu mazoezi wanayajua kwa sura moja tu. Kila tarehe 1 Januari tunaona vikundi vinatembea barabarani na fulana za rangi moja, ngoma, nyimbo, viongozi mbele. Ni jambo zuri, nami nimewahi kutoka. Ila picha inayobaki ni kwamba mazoezi ni ya wazima na ni sherehe. Nani amemwambia wifi yako kwamba kuna mazoezi yanayopimwa kama dawa, na kwamba mgonjwa ndiye anayeyahitaji zaidi?

Simtetei. Neno lile lilikuwa na mwiba, na waliocheka waliujua. Lakini mwanamke anayeoza mtoto usiku ule, ana sufuria tatu motoni na watu wanaanza kuomba ruhusa, huweza kusema kitu ambacho wiki ya pili hakikumbuki. Wewe unakikumbuka neno kwa neno. Huenda kwake ulikuwa uchovu. Huenda ulikuwa uadui wa siku nyingi ambao barua yako haikuutaja. Wewe ndiye unayeijua nyumba hiyo.

Kuhusu mume wako sina hakika kama unamsoma sawa. Unaniambia aligeukia ukuta. Kabla ya hapo umeniambia alirudi kutoka mjini na mkanda wa kiuno na bei hakukutajia. Mtu asiyeamini maumivu ya mkewe hanunui mkanda. "Ukipona utatembea" yaweza kuwa maneno ya mwanamme aliyesikia mkewe anachekwa barazani na hana ala nyengine ya kumkinga ila kumfungia ndani. Tatizo ni kwamba dawa yake imekaa kinyume. Anataka upone ndipo utembee, na wewe kutembea ni sehemu ya kupona. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliowafuata watu 701 waliokuwa wametoka karibuni tu kwenye maumivu ya kiuno. Waliosaidiwa kuongeza matembezi pole pole mpaka nusu saa, mara 5 kwa wiki, nusu yao walifika siku 208 bila maumivu kurudi. Kwa wasiopangiwa lolote ilikuwa siku 112. Watu hao walikuwa wameshapona na wewe bado, kwa hiyo usiinunue namba hiyo kama ilivyo. Lakini inaonyesha upande ambao upepo unavuma.

Na ule mkanda? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Mazoezi yamo, kuelimishwa kumo, kukandwa na kuchuliwa kumo. Mikanda ya kiuno iliwekwa katika yale ambayo haipendekezi yatolewe kama tiba ya kawaida. Hata hivyo mkanda wa mumeo usimrudishie usoni. Una kazi yake, angalau ya kukukumbusha kwamba aliyegeukia ukuta ndiye aliyeununua.

Mavyaa wako naye, na chungu chake chenye ufa, usimwone mtu wa kale. Madaktari wenyewe walikuwa wakiwalaza watu kitandani kwa maumivu ya kiuno mpaka juzi juzi tu. Kilichowabadilisha ni kuona kwamba mwenye kulala sana anaamka na misuli iliyolegea na kiuno kinachoogopa zaidi. Siku mbili tatu za kupumzika pale maumivu yanapowaka hazina ubaya, mkeka na mafuta ya nazi ya moto yakikandwa vizuri yanaliwaza. Sala ni ibada, na mwili unafaidika ndani yake, lakini haikuwekwa kupima kiuno. Na ikiwa rukuu na sijda zinakutesa wiki hizi, ruhusa ya kusali umekaa unaijua; nakukumbusha kwa sababu nimewaona kinamama wengi wanaoona haya kiti kuliko maumivu.

Haya, njia zilizo mbele yako. Uliniletea mbili, kuacha au kufanya kwa siri. Mimi naona zaidi, na hakuna isiyo na gharama.

Kufanya chumbani kwa siri kunakupa utulivu, na mazoezi matano kati ya sita kweli yanafanyika kwenye mkeka na kiti mlango umefungwa. Kwa wiki hizi mbili tatu za kujirudi huenda ndiyo sawa kabisa. Ila siri ina tabia ya kukua. Mtoto atakufuma umeinua nyonga hewani, na wifi atapata la pili la kanga. Tena utapoteza wale wanawake wa alfajiri. Nahisi miguu si sababu pekee inayokutoa nyumbani saa ile.

Kuendelea hadharani bila kumjali mtu ni ushujaa, na mtu wa mjini angekushauri hivyo haraka. Wewe unaishi ndani ya ukoo. Mume ameomba, hata kama kwa maneno machache. Ukitoka kesho bila neno, mazungumzo yenu yatahama kutoka kwenye kiuno yaende kwenye utiifu, na huko utakuwa na kesi ngumu zaidi.

Kuna kusema. Si kwa ukoo mzima, mtu mmoja tu kwanza. Ingekuwaje kama safari ijayo ya fiziotherapia mume wako angekusindikiza, akaingia ndani, akamsikia yule kijana kwa masikio yake? Neno la mke kuhusu mgongo wake linapimwa kwa mizani moja, na la mtu wa hospitali kwa nyengine. Si haki, lakini ipo, na unaweza kuitumia. Hatari yake ni kwamba kijana aweza kuwa na foleni siku hiyo na akasema neno moja la haraka kama yule wa picha. Mwambie mapema unataka aelezwe nini. Au anza nyumbani: mpe mumeo karatasi ahesabu wakati unakaa na kusimama kwenye kiti mara kumi. Mtu akihesabu mwenyewe, akakuona unakunja uso kwenye ya saba, hahitaji tena kuambiwa.

Na mapishi? Harusi hazitaisha Pemba, wala hitima. Ukikataa kila kitu utakuwa umejitoa kwa watu wako, na upweke nao unaongeza maumivu. Ukikubali kila kitu utarudi ukutani. Baina ya hayo kuna kwenda mapema wewe mwenyewe kwa mwenye shughuli, kabla hujaitwa, ukasema nipe kuchagua mchele juu ya kiti, nipe kupokea sahani, nazi siwezi, na kila robo saa nitainuka nizunguke. Anayejitolea kabla haonekani mkwepaji. Wengine watanong'ona hata hivyo.

Mwani ndio mgumu, na sitajifanya kuwa na jibu jepesi, kwa sababu pesa ile ni yako na imekupa sauti ndani ya nyumba. Mwani umekuwa kazi ya wanawake wa visiwa hivi tangu ulipoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, na kiuno ndicho kinacholipa. Lakini kazi yote si moja. Kufunga mbegu kwenye kamba kunaweza kufanyika ufukweni, kivulini, umekaa kwenye kiti na kamba imewekwa juu ya meza au boriti usawa wa tumbo, badala ya kuinama majini. Gunia bichi laweza kugawiwa mafungu manne, au mtoto mkubwa akalibeba wewe ukaanika. Unaweza kupunguza kamba zako nusu kwa bamvua chache. Utapungukiwa, ndiyo. Bamvua mbili za juzi zimekupa nini baada ya kuondoa wiki mbili za kulala? Piga hesabu hiyo kwa kalamu, si kwa hasira.

Ukianza tena kutembea, usianzie pale ulipoachia. Anzia kwenye kile unachokiweza hata siku mbaya, hata kama ni dakika tano mpaka mnazi wa jirani na kurudi, uongeze dakika mbili kila wiki. Siku njema zina hila: zinakuita ufanye yote ya wiki nzima.

Hili la sukari nimeliacha nyuma lakini si dogo. Baadhi ya vidonge vya sukari, glibenclamide ikiwemo, huweza kuishusha sukari kupita kiasi, na wewe unatembea alfajiri tumbo tupu. Uliza kliniki yako kidonge chako ni cha aina gani, ukimeze saa ngapi, na kama ule kitu kabla. Mfukoni weka tende tatu nne au sukari kwenye karatasi. Ukihisi jasho la baridi, kutetemeka, moyo unakwenda mbio, simama ule hapo hapo. Wenzako wa alfajiri wajue kwamba una sukari. Ukiingia baharini vaa viatu. Mguu wa mwenye sukari hukatwa na jiwe na usisikie. Na usiku, kabla ya kulala, itazame miguu yako chini ya taa, nyayo na baina ya vidole.

Ukitaka kitu cha wakati huu unaposhika ukuta, bahari yako inakufaa bila mwani. Maji yakijaa na bahari ikiwa shwari, ingia mpaka kiunoni na mwenzako mmoja, nguo zako mwilini, mtembee kufuata ufukwe dakika kumi. Maji yanabeba sehemu ya uzito wako. Mwenye kupita ataona wanawake wawili wanazungumza majini.

Niandikie baada ya bamvua mbili unieleze umechagua nini, hata ukichagua kinyume na yote haya. Na ile karatasi uliyoiweka chini ya godoro, kama imelainika namna hiyo itachanika kwenye mikunjo. Itolee nakala kabla haijachanika, moja ibaki kwako na moja umpe mumeo.